Afriski ya Lesotho: mulima ni mmoja, lakini wageni hawapatane juu yake

Kuko mahali kusini mwa Afrika kwenye watu wanavaa viatu vigumu kama sanduku, wanafunga mbao mbili ndefu ku miguu, kisha wanajiachilia kutelemuka mulima juu ya theluji. Pahali pale panaitwa Afriski, mu inchi ya Lesotho. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa nane, wageni wanapanda kule kwa kucheza ski.

Wamoja wanarudi wakisema hawajaona raha kama ile tangu wazaliwe. Wengine wanarudi na uso wa kukunjamana: njia ya kutelemukia ni fupi, watu ni wengi, feza inaisha mbiyo. Mulima ni ule ule. Theluji ni ile ile. Sasa nani anasema kweli?

Jibu ni kwamba wote wawili wanaweza kusema kweli, na katika habari hii tunataka kueleza namna gani hiyo inawezekana. Ni jambo lenye kutuangalia sisi pia. Huku mashariki tuko na milima, maziwa na volkano, na kila mugeni mwenye kupita huku anaenda kueleza wengine vile aliona. Maneno yake yanaweza kuleta watu ao kuwafukuza. Kwa hiyo ni vizuri kujua namna maneno ya wageni yanazaliwa.

Lesotho iko namna gani?

Lesotho ni ufalme mudogo, umezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Ukubwa wake ni kilometre za mraba karibu 30,355, ni kusema inatoshana karibu na nusu ya Kivu ya Kaskazini. Watu wake wanaitwa Basotho, na wanapita milioni 2. Mufalme wa leo ni Letsie III, na inchi ilipata uhuru wake tarehe 4 mwezi wa kumi 1966.

Kitu chenye kushangaza ni urefu wa ile inchi. Pahali pa chini kabisa mu Lesotho pako metre 1,400 juu ya bahari. Linganisha na Ziwa Kivu, ambalo liko metre 1,460. Kwa hiyo mutu wa Goma ao wa Bukavu akifika Lesotho, kila kitu atakachoona kitakuwa sawa na kwao ao juu zaidi. Kilele kirefu cha kule kinaitwa Thabana Ntlenyana, metre 3,482. Hicho kinakaribiana sana na Nyiragongo yetu, yenye metre 3,470.

Afriski yenyewe iko mu milima ya Maluti, katika wilaya ya Butha-Buthe, upande wa kaskazini wa inchi. Nyumba za kulala wageni ziko karibu metre 3,050, na barabara kubwa yenye kupita pale inapanda mpaka metre 3,222 ku Mahlasela. Ni sawa vile mutu angejenga hoteli chini kidogo ya kilele cha Kahuzi, chenye metre 3,308. Kwa urefu kama ule hewa inakuwa nyepesi: oksijeni yenye mutu anapata kwa kila pumzi ni karibu asilimia 70 ya ile ya pwani. Mugeni mwenye kutoka chini anaweza kuumwa kichwa siku ya kwanza, ao kuchoka mbele hajafanya kitu. Hilo nalo linaingia mu maoni yake, hata kama yeye mwenyewe hajue.

Theluji inatoka wapi?

Mutu anaweza kuuliza: kama Afriski na Kahuzi vinakaribiana kwa urefu, kwa nini theluji iko kule na huku hakuna?

Sababu ni jua. Kahuzi iko karibu na mustari wa ikweta. Kwetu jua linapita juu ya kichwa karibu mwaka muzima, na mwezi wa kwanza haupitane sana na mwezi wa saba kwa joto. Tuko na majira ya mvua na ya kiangazi, lakini hatuna majira ya baridi ya kweli. Huku, theluji inakaa tu ku vilele virefu sana kama Rwenzori. Lesotho iko mbali upande wa kusini, karibu digri 29 kutoka ikweta. Kule, mwezi wa sita, wa saba na wa nane, siku zinakuwa fupi, jua linakaa chini upande mmoja wa anga, na usiku ku milima maji yanagandamana kuwa barafu.

Lakini baridi peke yake haitoshe. Majira ya baridi ya Lesotho ni majira ya ukavu. Mvua yao inanyesha zaidi kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa ine. Wakati wa baridi anga ni safi, na theluji ya mbinguni inaanguka tu mara moja moja, wakati upepo baridi unatoka ku bahari ya kusini. Inaanguka, inafunika milima, watu wanapiga picha, na kisha siku chache jua limekwisha kuiyeyusha.

Njo maana Afriski inatengeneza theluji yake yenyewe. Usiku, wakati baridi imeshuka chini ya sifuri, mashini zinapuliza maji na hewa kwa nguvu nyingi. Maji yanatoka kama ukungu, matone madogo madogo sana, na yanagandamana mbele ya kufika chini. Hewa kavu ya kule inasaidia ile kazi: kadiri hewa inakuwa kavu, ni vile maji yanapoa mbiyo. Asubuhi, magari yenye minyororo yanasawanisha ile theluji ku njia ya kutelemukia.

Theluji ya mashini siyo ya bongo. Ni maji yenye kugandamana, sawa na ile ya mbinguni. Lakini inashikamana zaidi, haiko laini kama unga. Asubuhi inakuwa ngumu karibu kama barafu. Mchana jua likiipiga inakuwa kama uji. Ukisimama mbali utaona mulima wa rangi ya udongo na majani makavu, na katikati yake mustari mweupe wenye kushuka. Mugeni mwenye alitazamia kuona milima yote myeupe kama mu filme za Noeli, anaanza kuvunjika moyo pale pale ku parkingi.

Siku moja ya mugeni

Wageni wengi wanatoka Afrika ya Kusini, zaidi muji wa Johannesburg na Pretoria. Kwa gari ni safari ya masaa karibu tano. Wanapita mupaka wa Caledonspoort, wanaonyesha pasipoti, wanafika Butha-Buthe, kisha wanaanza kupanda. Barabara A1 ni ya lami, lakini iko na kona nyingi na mupando mukali. Inapita Moteng, metre 2,820, mbele ya kuendelea mpaka juu. Siku theluji imeanguka ao barafu imeshika lami, mushofere mwenye hajazoea anaogopa sana.

Akifika, mugeni anakodi vyombo: viatu, mbao, fimbo, na nguo kama hana. Kama ni mara yake ya kwanza, anachukua mwalimu. Anajifunza kusimama, kuanguka, kusimama tena, na jambo la lazima kupita yote: kusimamisha mwendo. Kuko mutelemuko mudogo wa wenye kujifunza, na kuko ule mukubwa wenye urefu wa karibu kilometre moja. Kwa kurudi juu, mutu anajishikiza ku kamba ya chuma yenye kuzunguka na mashini, inamuvuta mpaka juu.

Piga hesabu kidogo. Mutu mwenye kujua ski, kilometre moja anaimaliza kwa dakika chache sana. Kisha anapanga mustari kwa kungoja kamba imurudishe. Kama watu ni wachache, anangoja kidogo tu. Kama ni siku ya posho katika likizo ya masomo, mustari unakuwa murefu, na sehemu kubwa ya siku yake inaisha akiwa amesimama. Shika hii hesabu mu kichwa, kwa sababu karibu ugomvi wote juu ya Afriski unatoka humo.

Wenye kusifu

Wenye kusifu kwa sauti ya juu ni wale wa mara ya kwanza. Kwa mutoto wa Johannesburg ao wa Durban mwenye hajagusa theluji maisha yake yote, hata kutengeneza mutu wa theluji ni sherehe. Mutelemuko mudogo unamutosha. Walimu wako karibu, pahali ni padogo, wazazi wanaweza kumwona mutoto wao kila wakati. Kwa familia, udogo wa Afriski ni zawadi.

Wengine wanasifu mulima wenyewe: hewa safi, usiku wenye nyota nyingi, wachungaji wenye kupita na kondoo zao wamejifunika blanketi nzito za Kisotho, farasi wadogo wenye kupanda mawe kama mbuzi. Wengine wanasema tu kwamba ni jambo la kujivunia, kucheza ski mu Afrika bila kuomba viza ya Ulaya na bila kupanda ndege. Mwaka wa 2022, wakati Ulaya ilikuwa inaungua na joto kali la majira ya jua, magazeti ya inchi mbalimbali yalishangaa kuona Waafrika wanateleza ku theluji mu Lesotho. Wengi walisahau kwamba wakati kaskazini ni joto, kusini ni baridi.

Wenye kulalamika

Wenye kulalamika nao siyo wa kundi moja.

Wa kwanza ni wenye kujua ski. Mutu mwenye amekwisha kwenda Ufaransa, mu Trois Vallées, aliona njia za kutelemukia zenye kufika jumla ya kilometre 600 zenye kuunganishwa pamoja. Ukimuleta ku kilometre moja, asubuhi anafurahi, mchana anaanza kuangalia saa. Anasema: nimekwisha kujua kila jiwe.

Wa pili ni wenye walikuja siku mubaya. Siku ya posho na siku ya Mungu, katika likizo, kila kitu kinakuwa na mustari: vyombo vya kukodi, kamba, chakula. Mwenye alikuja siku ya pili ya juma, wakati watoto wako ku masomo, hajue hata mutu analalamika nini.

Wa tatu ni wenye kuhesabu feza. Mugeni analipa ruhusa ya mutelemuko, anakodi vyombo, analipa mwalimu, chakula, kitanda. Kama ni familia ya watu watano, hesabu inapanda mbiyo kupita vile walifikiri kwao.

Na wa ine ni wenye waliona picha mbele ya kuona pahali. Picha ilichukuliwa siku theluji ya mbinguni ilifunika mulima wote. Wao wamefika na kukuta mustari mweupe katikati ya majani makavu. Kitu walichofika kutafuta hakikuwepo siku ile, hata kama hakuna mutu aliwadanganya.

Kwa nini bei iko juu?

Hapa kuko jambo lenye wageni wengi hawaoneshwe. Kutengeneza theluji ni kazi ya feza nyingi. Maji yanapashwa kukusanywa, kusukumwa juu, kupulizwa usiku na mashini zenye kula nguvu nyingi za umeme. Chakula, mafuta ya gari, vipuri, kila kitu kinapanda ile barabara ya kona. Halafu, majira ya theluji ni miezi mitatu tu. Miezi ile mitatu njo inapashwa kubeba muzigo mukubwa wa mwaka.

Kwa hiyo mwenye pahali kama pale anajaribu kupata wageni wakati mwingine pia. Majira ya joto, Afriski inapokea wenye kupanda milima kwa miguu, wenye kinga za kupanda mawe, na wenye kuvua samaki mu mito ya baridi. Lesotho yenyewe inajulikana pia kwa mashindano ya pikipiki yenye kuitwa Roof of Africa, yenye kuanza tangu miaka ya 1960. Lakini jina la pale ni ski, na mutu akisikia ski anafikiri theluji.

Hatari nyingine ni hali ya hewa. Mashini haifanye kazi kama usiku hauna baridi ya kutosha. Usiku chache za joto zinaweza kula theluji yenye ilitengenezwa juma nzima. Kadiri dunia inaendelea kupata joto, ni vile masaa ya kutengeneza theluji yanapunguka. Mugeni mwenye alikuja mwaka wa baridi kali na mwenye alikuja mwaka wa joto wote wawili wataongea juu ya Afriski, lakini hawakuona mutelemuko mmoja.

Namna ya kusoma maneno ya wageni

Sasa tunaweza kujibu lile swali la kwanza. Ukisikia mutu anasifu ao analaumu pahali, kuko maswali matatu ya kumuuliza.

La kwanza: analinganisha na nini? Mwenye kulinganisha na Ulaya na mwenye kulinganisha na kubaki nyumbani hawawezi kupatana, hata wakae meza moja.

La pili: alikuja siku gani? Pahali padogo panabadilika sana kati ya siku ya watu wengi na siku ya watu wachache. Mulima mukubwa unaweza kumeza watu. Mulima wenye njia moja hauwezi.

La tatu: alitazamia nini, na nani alimupa ile matazamio? Mara nyingi hasira ya mugeni inaanza nyumbani kwake, siku aliona picha ao alisikia ahadi.

Kisha haya yote, kuko kipimo kimoja chenye nguvu. Kama watu wasiofanana, yule wa mara ya kwanza na yule muzoefu, mwenye feza na mwenye kuhesabu, wote wanalalamika juu ya jambo moja, basi jambo lile haliko tena ladha ya mutu. Ni kasoro ya pahali na inaweza kutengenezwa. Kama ni mustari, unaweza kuongeza mutu wa kugawa viatu. Kama ni barabara, unaweza kuonya watu mapema wakuje na minyororo ya magurudumu. Lakini kama muzoefu anasema mutelemuko ni mufupi na mutoto anasema unatosha, hakuna wa kutengeneza kitu. Kuna tu kusema kweli mapema: hapa ni kilometre moja.

Ku Morocco, malalamiko ni mengine

Kwa kuona kama hii namna ya kusoma inasaidia, tuende kaskazini mwa Afrika. Morocco iko na mulima wa ski wenye kuitwa Oukaïmeden, mu milima ya Atlas, kilometre karibu 75 kutoka muji wa Marrakech. Kijiji kiko karibu metre 2,600, na kiti cha waya kinapandisha watu mpaka kupita metre 3,200. Ni pakubwa kupita Afriski. Tena bei yake inajulikana kuwa chini, na punda wako pale kwa kubeba watu na mbao zao.

Pale, wenye kusifu wanasifu ile ile: bei, punda, chai ya moto, namna mutu anaweza kuteleza asubuhi na jioni kula Marrakech mu joto. Na wenye kulalamika? Wanalalamika juu ya wachuuzi wenye kuwazunguka na kuwavuta mukono, vyombo vya zamani, na zaidi juu ya theluji yenyewe. Oukaïmeden inategemea theluji ya mbinguni. Mwaka wa mvua nzuri, inafurahisha. Mwaka wa ukame, mutu anafika na kukuta mawe. Morocco imepita miaka mingi ya ukame siku hizi, na maoni ya wageni yalifwata mawingu.

Ni kusema Afriski iko na njia ndogo lakini inajitengenezea theluji; Oukaïmeden iko na mulima mukubwa lakini inangojea mbingu. Kila mmoja anauza kile iko nacho, na kila mmoja analaumiwa kwa kile hana.

Wenye hawaulizwe maoni

Kuko watu wengine juu ya ule mulima ambao maoni yao hayasikike sana: Basotho wenyewe. Katika vijiji vya kule juu, maisha ni kondoo, mbuzi wa sufu, mahindi kidogo, na wanaume wengi tangu zamani walienda kutafuta kazi mu machimbo ya Afrika ya Kusini. Kwa familia kama ile, bei ya siku moja ku theluji ni nzito sana. Theluji iko kwao, lakini muchezo ni wa wageni.

Upande mwingine, pahali kama pale panaleta kazi: kuendesha mashini, kupika, kusafisha vyumba, kufundisha ski. Vijana wa Lesotho wamekuwa walimu wa muchezo ambao babu zao hawakujua jina lake. Lakini sehemu kubwa ya kazi ile inafwata baridi. Mwezi wa tisa ukifika, wengi wanashuka.

Ile milima inatoa utajiri mwingine pia. Mbele kidogo ku barabara ile ile kuko machimbo ya almasi ya Letšeng, kwenye mwaka wa 2018 walipata jiwe la karati 910. Na kwa mapatano ya mwaka wa 1986, maji ya milima ya Lesotho yanaelekezwa mpaka eneo la Johannesburg na kuuzwa kule. Almasi, maji, theluji: vyote vitatu vinatoka juu, na wanunuzi wake ni watu wa inje. Swali lenye kubaki nyuma ya kila hoteli ya mulima ni lile lile lenye tunajua kwetu: mwenye anaishi pale anabaki na nini?

Na milima yetu?

Sisi pia tuko na theluji. Iko juu ya Rwenzori, mu teritware ya Beni, ku mupaka na Uganda. Kilele cha Margherita kiko metre 5,109. Ndugu zetu Wanande na Wakonjo waliipa jina lake mbele ya wazungu kufika: nzururu. Hakuna mutu atajenga ski pale. Ni siku nyingi za kutembea mu matope na mvua mbele ya kufika, na barafu yenyewe inaisha. Mwaka wa 1906, wakati Mutaliano Duke wa Abruzzi alipanda kule, barafu ilikuwa ku milima sita na ilifunika karibu kilometre za mraba 7 na nusu. Karibu mwaka wa 2005 ilikuwa imebaki ku milima mitatu tu, karibu kilometre moja na nusu, na tangu pale imeendelea kupunguka.

Lakini ile hesabu ya maoni inatuangalia. Kumbuka Nyiragongo, mbele ya mulipuko wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Wageni walilipa dola 300 kwa ruhusa ya kupanda, walilala juu ku baridi kali, pembeni ya shimo la moto. Mwenye alipata usiku wa anga safi aliona ziwa la lava linachemuka, na alirudi bila maneno mu kinywa. Mwenye alipata usiku wa ukungu aliona ukungu. Wote wawili walilipa bei moja, walipanda njia moja, na kila mmoja alienda kueleza kwao Nyiragongo yake.

Leo wageni ni wachache huku, na sababu kila mutu anaijua, haiko milima. Hata hivyo, waongozi, wenye mahoteli, wenye mitumbwi ya Idjwi, wabebaji wa Mutwanga na wamama wenye kupikia wageni wanajua kazi yao, na siku usalama utarudi kazi itaanza tena. Siku ile, mugeni wa kwanza mwenye atalalamika, tusimukasirikie mbiyo na tusimwamini mbiyo. Tumuulize: ulilinganisha na nini? Ulikuja siku gani? Nani alikuahidi nini? Kama wa pili na wa tatu wanataja kasoro ile ile, tuitengeneze. Kama ni ukungu tu, basi tuwaambie wenye kuja, mbele hawajalipa, kwamba kule juu ukungu uko.

Na wewe mwenye kuishi karibu na mulima, ziwa ao maporomoko yenye wageni walikuwa wanatembelea: walikuwa wanasifu nini, na walikuwa wanalaumu nini? Na wewe mwenyewe, ulibakia na nini? Mutuletee majibu yenu katika kipindi, tutayasoma hewani.